Nitajuaje kwamba hoja ina kosa la mantiki, na si jina tu nililoibandika?

Mwanagenzi ameuliza:

Ndugu wasomaji, naomba mnisaidie katika jambo linalonitatiza. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijifunza makosa ya mantiki yanayojitokeza watu wanapobishana katika maisha ya kila siku. Nimekwisha kuyakariri mengi kwa majina yake: kumshambulia mtu badala ya hoja yake, kumbebesha mwenzako dai ambalo hakulitoa, kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha, kuegemea jina la mtu mashuhuri, kumbana mtu achague kati ya mambo mawili ilhali yapo manne au matano, na mengineyo. Nilitarajia kwamba elimu hii ingenifanya mzungumzaji bora. Imekuwa kinyume chake, kwa kuwa sasa ninashindwa katika mabishano ambayo zamani ningeyamudu, na wenzangu wameanza kuniona msumbufu.

Nitaeleza matukio mawili. La kwanza lilitokea katika kikao cha chama ambacho mimi ni mwanachama. Mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba akabidhiwe mfuko wa chama, na akaeleza mpango wake wa kuukuza. Mwanachama mwingine akasimama na kusema kwamba mpango huo haufai kusikilizwa, kwa sababu mtu huyo anajulikana kuwa si mwaminifu katika fedha. Nilisimama nikasema kwamba hilo ni kosa la kumshambulia mtu badala ya hoja. Mwenyekiti akanijibu kwa utulivu, "Tunapochagua wa kutunza fedha, tabia ya mtu ndiyo hoja yenyewe." Sikuwa na la kujibu, na kikao kikaahirishwa bila jambo hilo kuamuliwa.

La pili lilikuwa nyumbani. Dada yangu alipatwa na mafua, akameza vidonge vya vitamini C kwa wingi, na baada ya wiki moja akapona. Tangu siku hiyo humshauri kila mtu avimeze. Nilimwambia kwamba kutangulia si kusababisha. Akaniuliza, "Na wewe ukibonyeza swichi taa ikawaka, unajuaje kwamba ni swichi iliyoiwasha?" Akaongeza kwamba vitamini hiyo ilisifiwa na mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili. Nikamwambia kwamba sasa anaegemea jina la mtu mashuhuri. Akacheka, akasema, "Basi siku ukiumwa usiende kwa daktari, maana huko nako utakuwa unaegemea jina."

Nilipotafakari baadaye, niliona kwamba dada yangu na mwenyekiti walikuwa na haki kwa namna fulani, lakini bado ninaamini kwamba nami sikukosea kabisa. Swali langu ni hili: ikiwa maneno ya umbo lile lile huwa kosa mahali pamoja na hoja halali mahali pengine, ni kitu gani kinachoyatenganisha?

---

Mizani amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, mwenyekiti wenu alikuwa sahihi, ingawa hakueleza kwa nini, na nadhani kutoeleza kwake ndiko kulikokuacha umeduwaa.

Kosa la mantiki si umbo fulani la maneno ambalo mtu akilisikia tu anaweza kulipulizia filimbi. Ni pengo lililopo kati ya sababu iliyotolewa na hitimisho ambalo sababu hiyo inadaiwa kulibeba. Kwa hiyo, kabla hujatafuta jina, tenganisha mambo mawili: mtu huyu anataka nikubali nini, na amenipa nini ili nikubali. Kisha jiulize kama alichokupa, tukichukulia kwamba ni kweli, kinaongeza uwezekano wa kile anachotaka ukikubali, na kama kinauongeza, ni kwa kiasi gani.

Yaweke sasa maneno "mtu huyu si mwaminifu katika fedha" mbele ya mahitimisho mawili. Hitimisho la kwanza ni kwamba asikabidhiwe mfuko. Hapo maneno hayo, yakiwa ya kweli, ni sababu nzito mno, na kuyaita shambulio ni kuwanyima wanachama habari wanayoihitaji. Hitimisho la pili ni kwamba mpango alioueleza hauwezi kuleta faida. Hapo maneno yale yale hayabebi chochote, kwa kuwa mpango huo huo ungeweza kutekelezwa na mtu mwingine, na hesabu zake haziharibiki kwa sababu zimepita kinywani mwa mtu asiyeaminika. Katika kikao chenu mambo hayo mawili yalichanganywa. Aliyepinga alianza na mtu akaishia kwenye mpango, wewe ukautetea mpango kana kwamba mtu hakuwa akijadiliwa, na mwenyekiti akarudi kwa mtu kana kwamba hakuna aliyeutaja mpango. Wote watatu mlisema jambo lenye ukweli, kila mmoja akijibu swali lake.

Kanuni ninayoitumia mimi ni kuuliza kama tunaombwa kumwamini mtu au kuipima hoja yake. Shahidi anayesema "niliona kwa macho yangu" anatuomba tumwamini, na hapo uaminifu wake, macho yake na maslahi yake ni sehemu ya ushahidi. Mtu anayeweka mezani hesabu ambayo kila mmoja anaweza kuirudia hatuombi imani yoyote.

Naomba nitoe mfano ambao naurudia kila mara, kwa sababu unawaadhibu wapenzi wa majina ya makosa kwa pande zote mbili. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill nchini Uingereza walichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine, wakaonyesha kwamba uvutaji wa sigara ulihusiana sana na saratani hiyo. Ronald Fisher, mmoja wa wanatakwimu wakubwa kabisa wa karne ya 20, aliwapinga hadharani. Alisema kwamba vitu viwili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kinakisababisha kingine, na kwamba huenda ipo hali ya urithi inayowafanya watu fulani wapende sigara na hali hiyo hiyo ikawafanya wapatwe na saratani. Fisher mwenyewe alikuwa mvutaji wa kiko, na alikuwa mshauri wa kulipwa wa watengenezaji wa tumbaku.

Ungekuwepo wakati ule, ungebandika jina gani, na kwa nani? Fisher angeweza kuwaambia Doll na Hill kwamba wanafanya kosa la kudhani uhusiano ni usababishaji. Wafuasi wao wangeweza kumjibu kwamba amelipwa. Mabishano yangeishia hapo, kila upande ukiwa na jina la kosa mkononi na hakuna aliyejua zaidi ya alivyojua mwanzo. Malipo ya Fisher yalikuwa sababu nzuri ya kumsoma kwa uangalifu na kukataa kumwamini kwa neno lake tu, lakini hayakuwa jibu kwa hoja yake, kwa sababu hoja yake ingekuwa na uzito ule ule hata kama ingetolewa na mtu ambaye hajawahi kushika kiko.

Jibu lilikuja kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1951 Doll na Hill waliwafuatilia madaktari wa Uingereza zaidi ya 40,000, wakaona kwamba hatari iliongezeka kadiri mtu alivyovuta zaidi, na ilipungua kwa walioacha. Mwaka 1959 Jerome Cornfield na wenzake nchini Marekani wakaikabili ile dhana ya sababu iliyojificha kwa hesabu: ikiwa wavutaji wana hatari mara 9 ya wasiovuta, na hali ya urithi pekee ndiyo inayosababisha tofauti hiyo, basi hali hiyo lazima iwepo miongoni mwa wavutaji angalau mara 9 zaidi ya ilivyo kwa wasiovuta. Hakuna aliyeweza kuionyesha hali ya namna hiyo. Pengo alilolionyesha Fisher lilikuwa pengo la kweli mwaka 1950, na wapinzani wake walilijaza.

Jambo moja la pembeni. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alilitumia jina la Kilatini la hoja inayomlenga mtu kwa maana tofauti na ya leo: alikusudia kumbana mtu kwa kanuni ambazo yeye mwenyewe amekwisha kuzikubali. Majina huhama, kwa hiyo usiyategemee kupita kiasi.

---

Kipimo amejibu:

Mizani amelimaliza suala la kikao, nami nitabaki na dada yako, ambaye kwa maoni yangu amekuuliza swali bora kuliko jibu ulilompa.

Swali la swichi lina jibu, na ukilijua jibu hilo utakuwa umeelewa kosa hili kuliko kwa kukariri jina lake. Tunajua kwamba swichi ndiyo inayowasha taa kwa sababu tumeibonyeza mara nyingi taa ikawaka, tumeizima taa ikazimika, na tumekaa bila kuibonyeza taa isiwake yenyewe. Tunaweza kuchagua wakati wowote tunaoutaka, kwa hiyo haiwezekani kwamba taa ilikuwa iwake tu wakati huo kwa bahati. Zaidi ya hayo, tukiufungua ukuta tutauona waya. Kutangulia ni sehemu ndogo tu ya ushahidi huo wote.

Linganisha na mafua ya dada yako. Yametokea mara moja. Hatujui yangekwendaje bila vidonge, na hilo ndilo jambo tunalolihitaji kuliko mengine yote, kwa kuwa mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10 kwa watu wengi. Lipo na jingine ambalo watu husahau: mtu hukimbilia dawa siku anapojisikia vibaya kupita siku nyingine zote, na ugonjwa ukishafika kilele, mwelekeo uliobaki kwa kawaida ni kushuka. Dawa yoyote inayomezwa kileleni, hata kama ni maji matupu, itaonekana kuwa imefanya kazi.

Kwa hiyo usimwambie "kutangulia si kusababisha", kwa sababu maneno hayo, ingawa ni kweli, yanamwambia tu kwamba amekosea bila kumwonyesha kinachokosekana. Muulize: "Waliopata mafua siku zile zile wasimeze kitu walipona lini?" Hapo utakuwa umeomba kundi la kulinganishia bila kulitaja, na atalielewa mara moja.

Nami sina budi kumleta James Lind, kwa kuwa kisa chake kinahusu vitamini hiyo hiyo. Mwaka 1747, akiwa daktari katika meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 waliokuwa na kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na upungufu wa vitamini C, ambao hali zao zilifanana kadiri alivyoweza kuwapata, akawapa wote chakula kimoja na mahali pamoja pa kulala, kisha akawagawa wawili wawili. Kila jozi ilipewa tiba yake: baadhi walipewa siki, wengine maji ya bahari, wengine tindikali iliyozimuliwa, na jozi moja ikapewa machungwa na malimau. Waliokula machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wote. Tazama kwamba kila mmoja wa mabaharia wale "alimeza kitu", na kama Lind angekuwa na wale wawili wa siki peke yao, kisha nao wakapata ahueni kidogo, leo pengine tungekuwa na kisa cha siki. Kilichoipa hoja yake uzito ni wale 10 waliosimama pembeni.

Sasa kuhusu mwanasayansi wa Nobel mbili. Bila shaka dada yako anamkusudia Linus Pauling, aliyepata tuzo ya kemia ya mwaka 1954 na ya amani ya mwaka 1962. Ni kweli kwamba aliisifu vitamini C kwa mafua, akaandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1970. Lakini majaribio mengi yaliyofanywa baadaye yameonyesha kwamba kuimeza kila siku hakuwazuii watu wa kawaida kupata mafua. Kwa wanaoimeza mfululizo, muda wa kuumwa hupungua kidogo tu, na kwa wanaoanza kuimeza baada ya kuugua, kama alivyofanya dada yako, faida yenyewe haijaonekana kwa uthabiti.

Je, alikosea kuegemea jina? Si kwa sababu aliegemea, maana sote huegemea. Mimi sijawahi kupima mwenyewe umbali wa jua. Kumtegemea mjuzi ni halali pale anapozungumzia fani yake, wajuzi wenzake wa fani hiyo kwa kiasi kikubwa wanakubaliana naye, na njia aliyofikia jibu inaweza kukaguliwa. Daktari unayemwendea anabeba, kwa kawaida, makubaliano ya wengi waliojaribu na kukosolewa kabla yake. Pauling, katika suala la mafua, alikuwa peke yake au na wachache, akiwa nje ya kemia iliyompa sifa. Tuzo ya kemia haikuwa uongo. Ilikuwa imebebeshwa mzigo usio wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya daktari na Pauling ambayo ungempa dada yako alipokucheka.

---

Mwanagenzi amejibu:

Nawashukuru sana. Nimeyasoma majibu yenu mara mbili, na swali la "waliopata mafua wasimeze kitu" nimemwuliza dada yangu jana. Hakukubali, lakini alinyamaza, kisha akasema kwamba mumewe alikuwa na mafua wiki ile ile na hakumeza chochote. Hakusema alipona lini, nami sikumbana.

Naomba niongeze swali moja. Katika kikao kile kile, katibu alipinga ombi la mwanachama aliyetaka kucheleweshewa mchango wake kwa mwezi mmoja. Alisema kwamba tukimruhusu huyu, wengine nao wataomba, tutashindwa kuwakatalia, watu watazoea kuchelewa, mfuko utakauka, na mwishowe chama kitavunjika. Katika orodha yangu hili limeandikwa kuwa kosa la mteremko wa utelezi. Lakini baada ya yaliyonipata, naogopa hata kulitaja.

---

Mhariri Mstaafu amejibu:

Nitamwachia Mizani suala la mteremko. Mimi nimetumia miaka mingi kusahihisha maandishi ya watu, na ninaona kwamba makosa yanayotutafuna zaidi hayamo katika hoja za Fisher wala za Pauling, yamo katika maneno tunayoyazoea kiasi cha kutoyasikia. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipoandika juu ya hoja za udanganyifu, alihesabu aina 13, na 6 kati yake aliziweka katika kundi la zile zinazotokana na lugha. Nadhani alikuwa na sababu ya kuanza na hizo.

Chukua sentensi "wanachama wote hawakulipa". Wapo wanaoielewa kwamba hakuna hata mmoja aliyelipa, na wapo wanaoielewa kwamba baadhi walilipa na baadhi hawakulipa. Nimeshuhudia watu wazima wakibishana kwa nusu saa juu ya taarifa ya namna hiyo, mmoja akileta stakabadhi za waliolipa kama ushahidi kwamba mwandishi ni mwongo, na mwandishi akishangaa kwa nini analetewa kitu ambacho hakukikana. Angeandika "si wanachama wote waliolipa" au "hakuna mwanachama aliyelipa", ugomvi usingekuwapo. Hapa hakuna aliyevunja kanuni ya mantiki. Kila mmoja alifikiri vizuri kutoka katika sentensi ambayo mwenzake hakuisoma.

Neno "nadharia" ni baya zaidi. Mtu husema "hiyo ni nadharia tu", akikusudia kwamba ni wazo lisilojaribiwa, kisha analitumia kulikataa jambo ambalo wanasayansi huliita nadharia kwa maana ya maelezo yaliyopimwa kwa miaka mingi. Neno limebaki lile lile huku maana ikibadilishwa katikati ya hoja, na kwa kuwa sauti haikubadilika, sikio halikushtuka. Hata neno "sababu", ambalo wachangiaji waliotangulia wamelitumia sana, lina mtego wake. Tunalitumia kwa kitu kinacholeta kitu kingine, kama moto na moshi, na pia kwa kile kinachonifanya niamini, kama vile moshi ni sababu yangu ya kuamini kwamba kuna moto. Moshi hausababishi moto. Mtu asiyetenganisha hayo mawili atakuambia kwamba umegeuza mambo juu chini, na utahangaika kumjibu usijue amekwama wapi.

Ndugu Mwanagenzi, kuna jambo nimeliona katika masimulizi yako, na naomba usinichukie kwa kulisema. Umetunukulia mwenyekiti na dada yako kwa maneno yao wenyewe, ndani ya alama za kunukuu. Yule aliyepinga hukumnukuu. Umetueleza tu kwamba alisema mpango "haufai kusikilizwa". Je, hayo ni maneno yake, au ni muhtasari wako uliokuja baada ya jina la kosa kuwa tayari kichwani? Nauliza kwa kuwa mtu akishaamua kwamba mwenzake anashambulia, masikio humsaidia kusikia shambulio. Kumbebesha mtu dai ambalo hakulitoa mara chache hufanywa kwa hila. Mara nyingi hufanywa na kumbukumbu, kwa nia njema kabisa. Kama kikao kina muhtasari ulioandikwa, ungeusoma.

Na hata ukikuta kwamba alikosea kimantiki, hilo halithibitishi kwamba hitimisho lake ni la uongo. Hoja mbovu inaweza kufika kwenye ukweli kwa bahati, kama mtu aliyepotea njia akajikuta mlangoni kwake.

---

Mizani amejibu:

Nashukuru kwa jibu la Mhariri Mstaafu, hasa kuhusu neno "sababu". Nimerudi kulisoma jibu langu la kwanza na nimeona kwamba nami nimelitumia kwa maana zote mbili ndani ya aya moja.

Kuhusu mteremko, usiogope kulitaja, ila lipime kwanza. Katibu ametaja hatua tano, na kila moja inategemea ile iliyotangulia. Tuipe kila hatua uwezekano wa asilimia 80 pindi iliyotangulia inapotokea, kiwango ambacho wengi wangekiona kikubwa. Uwezekano wa zote tano kutokea ni 0.8 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani takriban asilimia 33. Kwa sikio la msikilizaji, kila hatua ilionekana kuwa karibu hakika, na kwa hiyo mwisho wake nao ukaonekana kuwa karibu hakika, kumbe una nafasi moja katika tatu. Udhaifu wa hoja za mteremko umo humo: kila kiungo kinavutia, na hakuna anayeuhesabu mnyororo.

Lakini usiishie hapo ukadhani umemshinda. Nafasi moja katika tatu ya chama kuvunjika si jambo dogo. Tena hatua ya pili katika maelezo ya katibu, ile ya kushindwa kuwakatalia wengine, si utabiri tu. Inaweza kuwa hoja ya haki: ikiwa mmekubali ombi la huyu bila sababu inayomtofautisha na wenzake, hamna msingi wa kumkatalia anayefuata. Hiyo ni hoja halali, na jibu lake ni kuonyesha kinachomtofautisha, kwa mfano kwamba amekuwa akilipa kwa wakati kwa miaka yote, au kwamba ruhusa itakuwa mara moja kwa kila mwanachama na itaandikwa hivyo. Ukilileta pendekezo hilo umeuwekea mteremko ngazi, na katibu atalazimika kueleza kwa nini ngazi hiyo haitoshi. Ukimwambia "hilo ni kosa la mteremko", ataketi akiwa amekasirika, na hofu yake itabaki kama ilivyokuwa.

---

Mwanagenzi amejibu:

Nimemwomba katibu muhtasari wa kikao na nimeusoma leo asubuhi. Maneno ya mwanachama yule yameandikwa hivi: "Kabla hatujaujadili mpango huu, naomba mwenzetu atueleze kwa nini hesabu za mfuko aliousimamia mwanzo hazijawasilishwa." Neno "mwaminifu" halimo popote, na wala hakusema kwamba mpango usisikilizwe.

Alikuwa ameuliza swali, na muhtasari unaonyesha kwamba halikujibiwa, kwa sababu mara tu baada yake nimeandikwa mimi, nikisimama kueleza kosa la kumshambulia mtu. Nimemwandikia mwenyekiti nikimwomba swali hilo lirudishwe katika ajenda ya kikao kijacho, na nimempigia simu aliyeliuliza. Amesema hana kinyongo, lakini angependa safari hii alimalize kabla sijasimama.